Je, wajua kwa nini maganda ya chuma hutoka na rangi ya bluu kwenye mashine ya kukerezea?

Ukiingia karakana za Unga Limited, Arusha, angalia chini ya mashine ya kukerezea, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Utakuta maganda ya chuma yaliyojikunja: mengine meupe, mengine rangi ya asali, mengine bluu iliyokolea. Hakuna aliyeyapaka rangi. Ganda lilipotoka kwenye shafti, yaani fimbo ya chuma inayokerezwa, lilikuwa la moto kiasi kwamba hewa ilijenga juu yake utando mwembamba wa oksidi, na unene wa utando huo ndio unaoamua rangi. Chuma cha kawaida huanza kupata manjano hafifu kwenye nyuzi 220 za Selsiasi hivi; karibu na 300 huwa bluu.

Joto hilo linatoka wapi? Wengi watakujibu ni msuguano. Msuguano upo, pale ganda linapoteleza juu ya uso wa kisu, na hapo ndipo penye moto mkali kuliko pote. Lakini sehemu kubwa ya joto huzaliwa ndani ya chuma chenyewe. Kisu hukisukuma chuma mpaka matabaka yake yanateleza moja juu ya jingine, na kazi hiyo ya kukilazimisha kibadilike umbo karibu yote hugeuka joto. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua harakaharaka, kisha gusa penye kunjo. Pana moto, na hakuna kilichosuguliwa.

Tupige hesabu. Fundi anakereza chuma laini kwa kina cha milimita 2, kisu kikisogea milimita 0.2 kila mzunguko, na uso wa chuma ukipita kwenye kisu kwa mwendo wa mita 100 kwa dakika. Nguvu ya kukata inafika kama nyutoni 1,000, na kwa mwendo huo hiyo ni wati 1,600 na zaidi. Hilo ni joto la birika la umeme, limebanwa kwenye eneo lisilofika hata ukubwa wa punje ya mchele! Bahati nzuri, kwenye mwendo mkubwa, kiasi cha asilimia 80 ya joto hilo huondoka na ganda. Kwa hiyo ganda la bluu si lazima liwe habari mbaya. Kwa kisu cha kabaidi (mchanganyiko mgumu wa metali na kaboni), kinachovumilia nyuzi 800 na zaidi, ni kazi ya kawaida. Kwa kisu cha haispidi (chuma cha pua cha kukatia kwa mwendo mkubwa), kinachoanza kulegea kwenye 600 hivi, ni onyo: ncha ina moto kuliko ganda unaloliona.

Frederick Taylor wa Marekani, aliyeshiriki kugundua haispidi mwishoni mwa karne ya 19, alipima jambo hili kwa miaka mingi. Kwa kanuni yake, ukiongeza mwendo kwa asilimia 10 tu, kisu cha haispidi hudumu karibu nusu ya muda wake wa awali. Ndiyo maana namshangaa anayeharakisha kazi halafu analaumu kisu.

Kupima joto la ncha si rahisi, maana ganda hulifunika eneo lenyewe. Hata kamera ya joto huona pembeni tu. Njia ya zamani ni ya werevu: kisu na shafti ni metali mbili tofauti, na zikikutana kwenye moto huzalisha umeme kidogo. Ukiupima umeme huo, umepima joto.

Maji ya kupoozea yenye mafuta husaidia, ila kwa kabaidi yamwagike mfululizo au yasiwepo kabisa. Ukimwaga kwa vipindi, ncha hupasuka.

Na usipime shafti ikiwa bado ya moto. Shafti ya milimita 60 iliyozidi joto la karakana kwa nyuzi 40 imevimba karibu milimita 0.03. Ikipoa inasinyaa, na beringi uliyotarajia iingie kwa kubana itazunguka juu yake.