III Sides to Every Story: fanki ya Extreme iliyofunikwa na wimbo mmoja

Ukilitaja kundi la Extreme mbele ya mtu aliyekuwa na redio mwaka 1991, atakuimbia More Than Words. Wimbo wa sauti mbili na gitaa kavu moja, wa kubembeleza, uliofika namba moja Marekani na ambao mpaka leo unapigwa kwenye vipindi vya usiku vya wapendanao. Ndio uliowapa jina, na kwa maoni yangu ndio uliowaponza. Albamu iliyofuata, III Sides to Every Story ya Septemba 1992, ni kazi yao kubwa kuliko zote, na nikiwauliza wanafunzi wangu wa gitaa kama wameisikia, wengi hata jina hawalijui.

Kwa asiyewafahamu: Extreme ni vijana wa Massachusetts waliounda kundi katikati ya miaka ya themanini. Gary Cherone aliimba, Pat Badger alishika besi, Paul Geary ngoma. Gitaa lilikuwa la Nuno Bettencourt, mzaliwa wa visiwa vya Azores vya Ureno aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Nuno alianza na ngoma kabla ya kugusa gitaa, na hilo lishike, kwa sababu humo ndimo ilimo siri ya albamu nzima.

Watu husema “roki yenye fanki” wakidhani ni roki iliyoongezewa tarumbeta. Tarumbeta ni mapambo. Fanki, muziki wa kuchezesha wa akina James Brown, inakaa kwenye mkono unaopiga nyuzi. Chukua mapigo manne ya kawaida, kila pigo uligawe mara nne. Unapata nafasi 16. Mpiga roki wa kawaida hujaza chache kati ya hizo, kwa nguvu. Mpiga fanki mkono wake hupita nafasi zote 16 bila kusimama, ila nyingi anazizima kwa vidole vya mkono mwingine, unabaki mkwaruzo tu, “chk, chk”. Noti zinazosikika ni chache. Kinachokuchezesha ni mkwaruzo uliopo katikati yake, na lile pigo la kwanza ambalo James Brown aliwataka wanamuziki wake wote wakutane hapo.

Sasa jaribu kufanya hivyo na gitaa lenye mngurumo wa metali, ile roki nzito. Na gitaa safi, uzi ulioponyoka hausikiki sana. Na mngurumo, kila uzi unaoguswa bahati mbaya unapiga kelele, kwa hiyo mikono yote miwili inafanya kazi ya kuzima muda wote. Wapiga gitaa wa enzi ile waliosifiwa kwa kasi ya vidole ni wengi. Waliokuwa na mkono wa kulia wa namna hii, wenye mngurumo mzito kiasi hiki, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sikiliza Cupid's Dead, wimbo wa tano. Gitaa na besi vinatembea pamoja kwenye kipande kilekile kinachojirudia, ngoma za Geary zinawaachia nafasi, halafu katikati waimbaji wananyamaza na kundi linaingia kwenye mapigo matupu kwa muda mrefu. Hapo usimfuate Nuno. Mfuate Badger. Besi ndiyo inayoshika wimbo, na gitaa linacheza kama ngoma ya pili. Kisha nenda Peacemaker Die, walikoweka sauti ya Martin Luther King mwenyewe akihutubia. Fanki ile ile, lakini imebebeshwa maombolezo. Politicalypse naiona dhaifu kidogo, Cherone anahubiri kuliko kuimba.

Albamu imegawanywa pande tatu: Yours, Mine, na The Truth. Wa kwanza ni vita, siasa na ubaguzi wa rangi, na ndiko fanki ilikojaa. Wa pili ni mambo ya moyoni: Seven Sundays kwa kinanda, Tragic Comic kwa gitaa kavu na utani wa mpenzi asiyejua kujieleza, Our Father kuhusu baba asiyekuwepo. Hapa utamu wa sauti za kuitikia unazidi, na unasikia wazi walivyolelewa na muziki wa Queen, kundi la roki la Uingereza. Mapenzi hayo hayakuwa siri. Tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, yule mzaliwa wa Zanzibar, Extreme walipanda jukwaa la uwanja wa Wembley, London, na kupiga mseto wa nyimbo za Queen, mbele ya Queen wenyewe.

Upande wa tatu ndio uliowatisha watu. Ni kazi moja ya zaidi ya dakika 20, Everything Under the Sun, yenye sehemu tatu na orkesta ya watu 70 iliyorekodiwa studio za Abbey Road, London. Wakosoaji waliiona majivuno. Mimi naisikia tofauti: katika Am I Ever Gonna Change, hata vinanda na sauti zikitanda, gitaa linaendelea kukata nafasi ndogondogo chini yake, na sehemu ya mwisho, Who Cares?, inarudisha viimbo vya sehemu mbili zilizotangulia. Orkesta haikumfukuza mpiga ngoma aliyemo ndani ya Nuno.

Kwa nini basi ilipitwa? Haikufeli kabisa, ilifika namba 10 Marekani na namba 2 Uingereza. Lakini Januari 1992 kundi la Nirvana lilikuwa limeshapanda kileleni na albamu ya Nevermind, na ghafla roki yenye viitikio vitamu, ufundi na orkesta ikaonekana kitu cha jana. Walionunua kwa ajili ya More Than Words nao walikuta kombora la kwanza, wimbo unaofungua albamu, ni Warheads. Kundi likajikuta halina kambi: fanki nyingi mno kwa watu wa metali, metali nyingi mno kwa watu wa fanki. Mwaka 1995 walitoa albamu kavu zaidi, Waiting for the Punchline, wakasambaratika mwaka uliofuata, na Cherone akachukuliwa na kundi la Van Halen.

Jambo moja kwa wanaotafuta nakala. Nyimbo zilizidi nafasi ya CD, kwa hiyo Don't Leave Me Alone, uliofunga upande wa pili, ukaachwa nje na kubaki kwenye kanda. Ukikuta kanda ya zamani ya albamu hii mahali, hata kama kasha limepasuka, inunue.