Ile miaka mitatu ya pasipoti ya Uingereza

Jumamosi nilikuwa harusini, sahani ya pilau mkononi, kijana mmoja akavuta kiti akaketi ubavuni kwangu. "Shikamoo, shangazi. Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa mambo ya viza. Mke wangu ametimiza miaka mitatu mwezi huu. Pasipoti yake tuombe sasa hivi, au tungoje Januari?"

Nikaitikia, nikamuuliza kama mkewe ana ILR, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Akanitazama kidogo. "Si ndiyo hiyo hiyo?"

Si hiyo hiyo. Swali hili nimelijibu misibani, kwenye vikao vya harusi na kwenye simu za saa sita usiku, na kila mara anayeuliza ameshapewa jibu na mtu anayemheshimu. Safari hii nimeona niliandike, nimtumie kila atakayeniuliza tena.

Miaka mitatu ipo kweli. Iko kwenye Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, kifungu cha 6(2): aliyeoa au kuolewa na raia wa Uingereza anaweza kuomba uraia akiwa ameishi nchini miaka mitatu, badala ya mitano inayotakiwa kwa wengine. Watu husoma mpaka hapo, wakafunga kitabu. Lipo sharti jingine: siku unayoomba uwe huna kikomo cha muda wa kuishi nchini. Viza ya mwenza ina kikomo, tarehe yake ya mwisho inajulikana. Kinachoondoa kikomo ni ILR, na kwa aliyekuja kwa viza ya mwenza wa raia ILR huombwa baada ya miaka mitano. Mke wa yule kijana akituma maombi leo atakataliwa. Hakuna rufaa kwenye uraia, na ada hairudi isipokuwa zile pauni 130 za sherehe ya kiapo. Kwa viwango vya Aprili 2025, jumla aliyolipa mwombaji ilikuwa pauni 1,735.

Basi kwa nini watu wazima, wenye akili zao, wanaendelea kusema mitatu? Kwa sababu wao ndivyo walivyopita. Kabla ya tarehe 9 Julai 2012, mwenza alikaa miaka miwili kwa viza, akaomba ILR, akaongeza mwaka mmoja, akaomba uraia. Shangazi aliyefika mwaka 2007 aliweza kuwa na pasipoti mwaka 2011 bila kuhangaika, na anachokusimulia ni maisha yake, hakudanganyi. Julai 2012 Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, ikapandisha ile miwili ikawa mitano, ikaweka na kima cha chini cha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Kifungu cha 6(2) hakikuguswa. Namba tatu ikabaki pale pale kwenye sheria, na njia ya kuifikia ikawa ndefu kuliko yenyewe.

Hatua za njia hiyo nitazipitia haraka. Viza ya kwanza, ukiiombea nyumbani, ni miezi 33. Unaongeza ukiwa hapa, unapewa miezi 30. Jumla 63, nawe unahitaji 60. Ukiongeza mapema mno, tuseme mwezi wa 27, utapata 57 na utalazimika kuongeza tena kwa pesa zako mwenyewe, pamoja na ile ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka. Omba nyongeza kwenye siku 28 za mwisho za viza. Kiwango cha Kiingereza kinachotakiwa kinapanda: A1 mwanzo, A2 unapoongeza, B1 kwenye ILR. Mtihani wa Life in the UK, ule wa kuijua nchi na maisha yake, una maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18, na ukishafaulu huurudii tena. Kipato sasa ni pauni 29,000, lakini aliyeanza njia hii kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 na bado yuko na mwenza yule yule anabaki na 18,600. Mume akikwambia "tayari tumeshakosa, wamepandisha", angalieni tarehe kwanza kabla hamjakata tamaa.

Miaka mitatu hiyo inasaidia nini leo, basi? Inasaidia sana, ila si pale watu wanapodhani.

Kwanza, asiye na mwenza raia akipata ILR kwa kawaida hungoja miezi 12 kabla ya kuomba uraia. Wewe huhitaji kungoja. Unaweza kupata ILR Jumanne na kuomba uraia Jumatano, mradi siku hiyo ndoa ipo na mwenza wako ni raia. Sikiliza vizuri hapo: raia. Mwenza mwenye ILR tu hakupi nafuu hii, hata kama amekaa hapa miaka ishirini.

Pili ni siku za kuwa nje ya nchi, na hapa ndipo ninapoumia nikiona watu wanajinyima safari za kwenda kumuuguza mzazi kwa sababu ya hesabu waliyopigiwa na mtu asiyejua. Kwenye 6(2) Home Office inatazama miaka mitatu ya mwisho kabla ya maombi: zisizidi siku 270 kwa jumla, na katika miezi 12 ya mwisho zisizidi 90. Safari za mwaka wa kwanza na wa pili wa viza, ukija kuomba mwaka wa tano na kitu, hazimo kwenye hesabu hiyo kabisa. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi. Ukiondoka Ijumaa ukarudi Jumatatu, umekuwa nje siku mbili.

Alikuja kwangu dada mmoja wa Tanga, macho yamevimba. Mwaka wake wa pili alikaa nyumbani miezi mitano akimuuguza mama yake, na mtu alimwambia amepoteza uraia. Tukakaa mezani na pasipoti zake mbili, rula na karatasi. Nikamsomea mhuri mmoja mmoja wa Uwanja wa Julius Nyerere, yeye akawa anaandika tarehe. Ile miezi mitano ilikuwa nje ya dirisha la miaka mitatu. Haikuwa na neno. Kilichonitia wasiwasi ni kitu ambacho hakukiwaza: mama alifariki, akaenda kuzika, akarudi tena kwa arobaini, na miezi 12 ya mwisho ikawa na siku 97.

Mwongozo wa maofisa unasema siku zikifika mpaka 100 kwa kawaida watazifumbia macho. Akaniuliza, "Kwa hiyo niko salama, dada?" Nikamwambia ninavyoamini ni ndiyo, lakini "kwa kawaida" ni neno la ofisa, silo langu, na siwezi kuapa kwa neno la mtu mwingine. Tukangoja wiki tano. Dirisha linasogea kila siku, na zile siku za mazishi zikaanza kutoka moja moja upande wa nyuma, mpaka akabaki chini ya 90. Akaomba siku hiyo.

Hapo kuna jambo moja zaidi: siku ya kwanza ya ile miaka mitatu, uwe ulikuwa ndani ya Uingereza. Maombi ya tarehe 5 Machi yanaangalia ulikuwa wapi mwanzo wa kipindi hicho. Ukikuta ulikuwa likizo Mombasa, sogeza tarehe ya kuomba.

Usichanganye hesabu hii na ya ILR. Kwa viza ya mwenza, kanuni hazikuweka idadi ya siku kama zile 180 za watu wa viza za kazi. Wanachotaka kuona ni kwamba makazi yenu ni hapa na mnaishi pamoja. Nikiulizwa miezi mingapi ni mingi, sina namba ya kumpa mtu, na anayekupa namba ameitunga.

Wapo pia wanaotishwa. Mume anamwambia mkewe, "Ukienda polisi nitawaandikia wakurudishe kwenu." Dada yangu, kama uko kwa viza ya mwenza na unapigwa, unatukanwa au unanyimwa hata pesa ya kula, sheria inakuruhusu kuomba ILR wewe mwenyewe, bila yeye na bila kungoja miaka mitano. Unaweza pia kuomba kwanza kibali cha miezi mitatu kitakachokufungulia msaada wa makazi na posho. Aliyefiwa na mwenza naye ana njia yake. Hili nitalirudia mpaka lieleweke.

Uraia wenyewe ndio unaonipa shida kushauri. Mkenya hana la kuwaza sana: tangu Katiba ya 2010 Mkenya wa kuzaliwa habanduki uraia wake kwa kuchukua mwingine, ila autangaze huo mwingine ndani ya miezi mitatu. Mtanzania ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unaondoka. Hadhi maalum ya diaspora, ile wanayopewa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, haikurudishii uraia. Kuna mama nimemsindikiza mpaka kwenye kiapo, na alipokaa chini aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa kiwanja cha baba je?" Tangu siku hiyo namuuliza kila Mtanzania kama ILR haimtoshi. Haikuzuii kuishi wala kufanya kazi hapa, ila ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo inakufa. Kwa mwenye wazazi wazee huko nyumbani, sijui kila mara nimwelekeze wapi, na sijifanyi kujua.

Tukirudi kwa yule kijana. Nilimwambia anionyeshe pasipoti ya mkewe, alikuwa na picha yake kwenye simu. Viza imeandikwa kuanza tarehe 12 Septemba 2022, na ndiyo tarehe aliyokuwa akihesabia miaka. Nikamwambia avute picha, akuze ile pembe ya chini. Wino umefifia, lakini mhuri wa Heathrow unasomeka: 9 Oktoba. Miaka mitano inaanza siku aliyoingia, kwa hiyo inatimia tarehe 9 Oktoba 2027, na maombi ya ILR yanafunguka siku 28 kabla, tarehe 11 Septemba. Angefuata hesabu yake angeomba katikati ya Agosti, mapema mno, na kuhatarisha ada ya ILR, ambayo kwa viwango vya Aprili 2025 ilikuwa pauni 3,029.

Akaiandika ile tarehe kwenye simu, akaweka na kengele ya kumkumbusha, kisha akaenda kumwita mkewe aje ajionee mwenyewe.