Hanenepi, Mwache Ale

Wiki hii nimeisikia tena imani kwamba mtoto asiyenenepa anaweza kula na kunywa chochote, safari hii kwa baba mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni, Moshi. Nilikuwa namuuliza mwanawe wa darasa la nne anakunywa nini akiwa shuleni, jibu likaja kabla sijamaliza swali: "Daktari, huyu hata hanenepi. Mwache ale." Kwanza mimi si daktari, ni mtu wa lishe. Pili, sikuuliza uzito. Mzani niliusoma mwenyewe, mtoto yuko sawa na rika lake, sina neno. Niliuliza anachokunywa.

Imani hii ina sura nyingi. Bibi akiona mbavu za mjukuu zinahesabika anaongeza sukari kwenye chai ili apate nguvu. Mama anamnyima dada mtu soda kwa kuwa amejaa, kisha chupa hiyohiyo anamsogezea mdogo mtu kwa kuwa ni mwembamba, na wote wako meza moja. Hapo huwa natamani kufunga daftari nikapande bodaboda niende zangu.

Mtoto mnene yuko kwenye hatari kubwa zaidi, hilo halina ubishi, na watoto wembamba wengi wako salama. Ninachokataa ni mzani kugeuzwa cheti cha sahani.

Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi inagawanywa mwili mzima. Fruktosi kwa sehemu kubwa huishia kwenye ini, na ikija nyingi kwa mara moja, hasa ya kunywa, ini hugeuza ziada kuwa mafuta. Mengine yanabaki humohumo, mengine yanatolewa kwenye damu kama trigliseraidi. Ini likijaa mafuta linakuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kongosho linalazimika kumwaga insulini nyingi zaidi kupata matokeo yaleyale. Haya yote hayangoji tumbo la kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mbona tulimtoboa kidole, sukari ikasoma 5, ya kawaida kabisa?" Itasoma 5. Kongosho la mtoto linaweza kufidia kwa miaka. Ni kama familia inayolipa ada kwa kukopa: shuleni hawadaiwi, risiti ipo, lakini kamuulize mweka hazina wa kikoba. Sukari ya damu ni karibu kipimo cha mwisho kuharibika, nasi tumekifanya cha kwanza na cha pekee, kwa sababu ni rahisi na mashine iko kila duka la dawa.

Watu wa fani hupenda kutaja utafiti wa San Francisco, Marekani, wa daktari wa homoni za watoto Robert Lustig na wenzake. Watoto 43 wenye unene na vipimo vilivyoharibika walipunguziwa sukari kwa siku 9, pengo likazibwa kwa vyakula vya wanga, kalori zikaachwa zilezile makusudi ili uzito usishuke. Trigliseraidi, insulini na namba ya chini ya presha vikapungua. Naupenda utafiti huu na siuamini kupita kiasi. Haukuwa na kundi la kulinganisha, na uzito ulishuka hata hivyo, karibu kilo moja. Tena wote walikuwa wanene, kwa hiyo anayeutumia kutetea hoja yangu kuhusu wembamba ananiharibia. Ila nashindwa kuona kilo moja inavyoweza kueleza mabadiliko yote yale ndani ya siku 9.

Kwa wembamba naangalia zaidi Pune, India, kwenye kazi ya Chittaranjan Yajnik, daktari mtafiti wa kisukari. Vichanga vya huko vilizaliwa na wastani wa kilo 2.7, vya Southampton, Uingereza, vilivyolinganishwa navyo, kilo 3.5. Vya Pune vilikuwa vidogo kila mahali, mikono, tumbo, misuli, isipokuwa mafuta ya chini ya ngozi mgongoni hayakuwa yamepungua kwa kiasi hicho. Yaani mtu anaweza kuwa mdogo na bado akabeba mafuta. Siwezi kuibeba Pune nikaibwaga Rombo hivihivi. Lakini Tanzania, nchi ambayo takwimu zake za afya za 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa haina sababu ya kudhani kwamba wembamba ni kinga. Aliyedumaa ana misuli michache, na misuli ndiko glukosi nyingi inakokwenda.

Turudi kwa kijana wa Mbuyuni. Chai ya asubuhi, vijiko vitatu vya sukari: gramu 12. Juisi ya boksi, mililita 250: gramu 25 hivi. Soda akitoka shule, mililita 300: gramu 30 na ushee. Tumeshavuka 65 na hatujagusa barafu za mfuko. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linataka sukari ya aina hii, ya kuongezwa na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ikiwezekana chini ya 5. Kwa mtoto wa kalori 1,600 hiyo ni gramu 40, ikiwezekana 20. Na kabla hujaniandikia kwamba juisi ya kwako ni ya asili: embe likishakamuliwa, sukari yake inahesabiwa. Embe zima halihesabiwi. Asali inahesabiwa, hata ikitoka Tabora.

Sukari ni nusu tu ya kesi. Nusu nyingine ni kisichokuwepo: maharage, mboga za majani, dona, tunda la kutafuna. Bibi wa kijana huyu yuko Kibosho na ana mnafu, parachichi na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Mjini kijana anakula chipsi na soseji, maana kiburu eti ni chakula cha wazee. Hayo tutayagombania siku nyingine.

Sasa yanayoninyima usingizi. Tunapouliza mtoto alikula nini jana, tunajibiwa tunachotaka kusikia. Kila mtu jana alikula mchicha. Tafiti nyingi zinazolinganisha alama za ubora wa mlo na vipimo vya damu zimejengwa juu ya majibu ya namna hiyo, na uhusiano unaopatikana mara nyingi ni mdogo. Wanaokula vizuri pia wanalala vizuri, wanacheza, na nyumbani kuna hela. Kutenganisha hayo ni kazi.

Halafu kuna vigezo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2007 lilisema mtoto chini ya miaka 10 asipewe jina la sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa kiuno kikubwa na vipimo vilivyoharibika, na kuanzia 10 hadi 16 sharti la kwanza ni kiuno kikubwa kwa rika lake. Ndipo uangalie trigliseraidi kuanzia 1.7, HDL (lehemu nzuri) ya chini, presha 130/85, sukari 5.6. Umeona? Mwembamba haingii hata mlangoni, damu yake iwe na nini. Nimebishana na wenzangu juu ya hili mpaka chai ikapoa, na bado sina kigezo bora cha kuwapa. Kupima insulini nako hakusaidii sana, kwa sababu balehe peke yake inashusha usikivu wa mwili kwa insulini kwa karibu theluthi, kisha hali inarudi. Insulini ya juu kwa kijana wa miaka 13 inaweza kuwa balehe tu.

Jambo moja nisilipite. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na pipi wala soda, msimlaumu mama yeyote. Ila mtoto anayekonda ghafla, anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huyo naye "hanenepi".

Yule baba sikumwandikia vipimo vya damu. Nimemwambia chupa ya maji kwenye begi, ndizi mbivu na karanga badala ya hela ya soda, kijiko kimoja kwenye chai. Soda ya Jumapili baada ya kanisa sina ugomvi nayo. Nikamwomba presha ya kijana ipimwe kwa mkanda wa saizi ya mtoto, aulizie kabla hawajaanza, kwa sababu mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli, na atarudi nyumbani na karatasi nyingine ya kumthibitishia kwamba niliongea bure.