Ploti kavu Januari, ziwa Aprili

Jina la mji huu lenyewe limetoka majini. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 kambi yake ilipigwa kwenye tambarare yenye tope. Tangu hapo tunabishana na maji yale yale. Haya ndiyo madai kuhusu vinamasi ninayoyasikia mara kwa mara, kwenye matatu, kwa kinyozi, na hata kwenye mikutano ya wakaazi wa mtaa.

"Pamekauka, kwa hivyo si kinamasi tena."

Dalali hukuonyesha ploti Januari. Udongo mweusi umepasuka nyufa za kuingiza vidole, ng'ombe wanapita. "Hapa maji hayafiki, boss," anakwambia, naye amesimama juu ya mabua ya matete.

Ardhi oevu, yaani vinamasi na maeneo mengine ya majimaji, haihitaji kuwa na maji mwaka mzima. Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unahesabu maeneo ya msimu pamoja na ya kudumu, ya asili pamoja na yaliyotengenezwa na watu. Kwa hesabu hiyo hata Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kati ya Lang'ata na Kibera na sasa limefunikwa na magugu maji, bado ni ardhi oevu.

Tena ardhi haijui kudanganya kama dalali. Udongo unaokaa majini kwa muda mrefu hukosa hewa, na chuma kilichomo hubadilika. Ukichimba shimo la kina cha mkono utakuta mara nyingi rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu kandokando ya mizizi. Kwenye udongo wetu mweusi madoa hayo huwa magumu kuonekana, kwa hivyo tazama na mimea: matete, mafunjo, jamii ya ndago. Mimea hiyo haikuja pale kwa bahati.

Na maramu, ule udongo wa changarawe wa kujazia? Lori kumi za maramu zitainua ploti yako, sawa. Maji hayakupotea, yamehamia kwa jirani, naye msimu ujao ataagiza lori kumi na tano. Kuna mitaa ya Nairobi ambapo mashindano haya yameendelea mpaka nyumba za zamani zimebaki chini ya usawa wa barabara, na mvua ikinyesha wenyewe wanakinga mlango kwa magunia ya mchanga.

"Nina hati miliki, hakuna wa kunigusa."

Hati ni karatasi nzito, lakini si nzito kuliko Katiba. Ibara ya 62 inaweka mito, maziwa na maeneo mengine ya maji kwenye ardhi ya umma. Ibara ya 40 inasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha ufukweni Mombasa, ilikataa kumkinga mnunuzi ambaye hati yake ilianzia kwenye ugawaji mbovu wa ardhi ya umma. Hata pale hati ilipo halali, sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kujenga, kumwaga kifusi au kukausha kinamasi bila kibali cha maandishi cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kibali kinachotanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira.

Kuhusu kingo za mito, kanuni za 2009 zinataja mita 6 hadi 30 kila upande, kuanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Watu hugombana juu ya 6 na 30. Mimi naona ugomvi uko kwenye hilo neno "kuanzia". Nani ameweka bikoni, alama ya mpaka, pale maji yalipofika? Bila bikoni, mpaka huchorwa siku tingatinga linapokuja. Tuliona hivyo 2018 majengo ya biashara yalipoangushwa, wenyewe wakidai wana karatasi zote, na tukaona tena baada ya mafuriko ya 2024, safari hii zaidi kwenye nyumba za mabati za Mathare.

"Kinamasi ni sifongo, kitakunywa mafuriko yote."

Hii ni ya kwetu, sisi wapenda mazingira, na inatuumbua. Sifongo ikishashiba hainywi tena. Kinamasi kilicho kwenye chanzo cha mto, kikiwa kimejaa, mvua inayofuata huteremka juu yake mbio. Kazi kubwa ya kupunguza mafuriko hufanywa na tambarare za kandokando ya mto: maji hutanuka, mimea huyashika miguu, yanafika chini kidogo kidogo badala ya kufika yote saa moja. Tambarare hizo ndizo tunazozijengea kuta.

"Mafunjo husafisha kila kitu."

Mama anayeniuzia nduma huosha kila moja mpaka ing'ae, kisha anaikata kipande uone ndani ilivyo nyeupe. Nilipomuuliza imelimwa wapi alicheka: "Mtoni, baba, nduma itamea wapi tena?"

Mizizi ya mafunjo hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, na bakteria wa kwenye matope hugeuza naitrojeni ya maji taka kuwa gesi ikarudi hewani. Hiyo ni kazi ya kweli. Mgahawa mmoja wa Lang'ata ulijengewa kinamasi cha kusafisha maji yake taka tangu miaka ya 1990. Lakini risasi na metali nyingine nzito haziozi. Hubaki kwenye tope na nyingine huingia kwenye mmea, kama nduma ya mtoni, na kuosha hakuzitoi.

"Kinamasi ni nyumba ya mbu, kifukiwe." Mbu wanaotunyima usingizi Nairobi wengi hutoka kwenye mitaro iliyoziba na mashimo ya choo. Kinamasi chenye afya kina vyura, samaki na kerengende, na wote hao hula viluwiluwi vya mbu.

"Basi tupande miti." Mti gani? Mkaratusi hunyonya maji na kukausha ardhi.

"Vinamasi vya maana viko Naivasha."

Kenya ina maeneo sita kwenye orodha ya Ramsar na hakuna hata moja lililo Nairobi. Lakini Mto Nairobi unaanzia Ondiri, Kikuyu, ambako mimea imefumana ikawa jamvi linaloelea. Ukikanyaga, linatikisika hatua kadhaa mbele yako. Ondiri iko Kaunti ya Kiambu. City Hall, serikali ya jiji la Nairobi, haina amri huko, na ndiyo sababu Sheria ya Maji ya 2016 inapanga usimamizi kwa mabonde ya mito, pamoja na vyama vya watumiaji wa maji. Maji yenyewe hupita katikati ya jiji, hukatiza kando ya jaa la Dandora, huingia Mto Athi na kutokea Sabaki, karibu na Malindi, ambako wakati wa masika bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa.