Ute kwenye midia si uchafu, msiuoshe

Tangu hoteli na majengo ya ghorofa yaanze kufunga mitambo midogo ya majitaka inayotumia midia (vipande vya plastiki wanapokaa bakteria wanaosafisha maji), simu tunazopokea hapa maabara zinafanana: "Vile vipande vya plastiki vimechafuka, tumeviosha kwa Jik, sasa maji yananuka." Mmeviosha, na kwa kuviosha mmewaua wafanyakazi wote wa mtambo, yaani hao bakteria.

Plastiki yenyewe haisafishi chochote. Midia ya awali iliyobuniwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1980 ni kigurudumu cha polithini chenye upana wa milimita 9 hivi na kuta za msalaba ndani. Mita moja ya ujazo ya vigurudumu hivyo ina takribani mita za mraba 500 za mahali pa bakteria kukaa, na hicho ndicho mlichonunua.

Plastiki mpya haishikani na maji, ndiyo maana siku za mwanzo midia huelea juu na fundi huingiwa na wasiwasi. Ndani ya dakika chache tangu iguse majitaka, protini, mafuta na masalia mengine huipaka utando mwembamba usioonekana kwa macho. Bakteria hutua juu ya utando huo. Mwanzoni hugusa na kuachia, maji yakivuruga kidogo tu huondoka. Wanaobaki huanza kutoa ute wa sukari na protini, na hapo hata ukisuuza hawatoki. Aliyewahi kuteleza kwenye jiwe la mtoni anaujua ute huo.

Ute wa kwanza huonekana baada ya siku kadhaa. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti huzaliana polepole mno, hao wanataka wiki nyingi. Kwa hiyo mtambo uliowashwa Jumatatu usiletewe mkaguzi Ijumaa. Wala msiwatilie hamira kuwaharakisha. Hamira ni ya maandazi.

Nje ya kigurudumu patakuwa safi kwa sababu vipande vinagongana siku nzima. Rangi ya kahawia itakaa ndani. Wengi huona huko ndani pamesahaulika, wakaingiza brashi! Ute ukizidi unene, oksijeni haifiki chini, tabaka la chini hulegea na ute hubanduka wenyewe. Blowa, mashine ya kupuliza hewa, inawapa bakteria hewa na kupunguza ute uliozidi, hivyo anayeizima usiku kuokoa umeme anaharibu kazi zote mbili.

Chujio la mahali maji yanapotokea, linalozuia midia isitoke, nalo likaguliwe. Februari 2018, kusini mwa Italia, mamilioni ya vipande kama hivi vilitoroka kwenye mtambo, vikapita Mto Sele hadi baharini na kutapakaa fukweni.

Kuhusu kibali: hapa Tanzania kibali cha kutiririsha majitaka hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, si na mamlaka ya maji inayowaletea bili. Kiwango cha juu cha BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu ulio kwenye maji) ni miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu huo kwa kemikali) ni 60. Sampuli huchukuliwa mahali pa mwisho maji yanapotoka mtamboni, kabla maji hayajachanganyika na mengine. Chupa ijazwe pomoni, ibandikwe tarehe, saa na jina la aliyechukua, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo. Kipimo cha BOD huchukua siku 5 katika nyuzi joto 20, kwa hiyo kupiga simu siku ya pili hakusaidii. Sampuli iliyoongezwa maji ya bomba hatuipokei. Anayevunja masharti anaweza kufutiwa kibali na kufikishwa mahakamani.

Waliokwisha kuosha wasinunue midia mpya. Punguzeni majitaka yanayoingia, kisha ombeni tope hai (tope lenye bakteria hao) kutoka mtambo unaofanya kazi vizuri, lisafirishwe na gari lenye kibali. Na tarehe mliyoosha iandikeni kwenye daftari la mtambo, maabara itaiuliza.