Usimwambie mpiga solo atulie

Matamasha ya bendi za shule yameanza tena hapa Goma, na sentensi ile imerudi nayo: "Nyimbo wanazijua zote, shida yao ni woga tu. Mwambie atulie." Prefe, yaani mkuu wa shule, anaisema, mzazi anaisema, na mshereheshaji anaisema kwenye mikro mbele ya mtoto mwenyewe, akimmalizia hata kile kidogo alichobaki nacho. Nimechoka nayo. Mkono unaotetemeka haupokei amri.

Mawili ya haraka kwanza. Kasiksi, pombe ya ndizi, kabla ya kupanda jukwaani: hapana. Woga unabaki, masikio ndiyo yanaondoka. Mpiga besi anachelewa na hajui kwamba anachelewa. Vidonge vya propranolol vya kupunguza mapigo ya moyo, ambavyo wapo wapiga vyombo wa okestra kubwa za Ulaya wanaovimeza, ni neno la daktari, si la mwalimu wa muziki. Kwa mwenye pumu vinaweza kumbana kifua. Basi.

Sasa hilo "tulia". Mwaka 2014 Alison Wood Brooks, mtafiti wa Harvard, alichapisha majaribio ambamo watu waliimba karaoke. Waliotamka kwanza kwamba wamechangamka walipata alama za juu kuliko waliotamka kwamba wametulia. Inaeleweka: woga na hamu vinakaa katika mwili uleule, wenye moyo unaodunda na viganja vyenye jasho. Kutoka woga kwenda hamu ni kuvuka barabara. Kutoka woga kwenda utulivu ni kupanda mlima wa Nyiragongo. Ila nina shaka yangu. Mwimba karaoke yuko peke yake na muziki wake hauongezi mwendo. Wanafunzi saba wakichangamka pamoja, wanakimbia.

Na kukimbia huko ndiko kunakoitwa woga na watu wasiosikiliza. Rumba mliyoifanyia mazoezi kwa mapigo 100 kwa dakika inaanza kwa 112. Hakuna anayegundua, maana wote saba wana mioyo ya mwendo huohuo. Ubeti unapita, mwimbaji anakata pumzi katikati ya neno, haidhuru. Kisha inakuja sebene, sehemu ya kuchezea ambapo magitaa yanatawala, ambayo kwa kawaida mnaipandisha kidogo, nayo inafika 140. Vidole vya mpiga gitaa la solo vilivyozoea 124 vinagoma, na ukumbini watu wanatikisa vichwa: "Mnaona? Ameogopa." Hapana, papa. Ameibiwa mapigo 16, na mwizi amekaa nyuma yake na vijiti mkononi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mpiga drams. Akishakaa, asihesabu. Aimbe kimoyomoyo kibwagizo chote, kwa maneno yake, mara mbili, ndipo agonge vijiti. Tarakimu zinakimbizika, maneno yakikimbizwa yanajikwaa, naye atasikia. Weka pia simu yenye metronomu (kipima mwendo) ya mwanga, bila sauti, sakafuni karibu na dramu kubwa, na uipange 97. Najua wimbo ni 100. Ataupandisha tu. Na chini ya dramu hiyo tandika zulia, kwa sababu juu ya mbao au vigae inasogea mbele kidogo kila anapokanyaga, na kufikia wimbo wa tatu mtoto anapiga akiwa amenyoosha mguu kama anayetafuta kiatu.

Jambo la pili, linaloniudhi kuliko yote: wanafunzi wanafanya mazoezi wakiwa wamekaa kwa duara darasani, kila mmoja anaona mkono wa mwenzake, saruji inawarudishia sauti. Siku ya tamasha wanasimamishwa mstari mmoja kwenye uwanja wazi, kama ule wa Collège Mwanga uliopokea tamasha la muziki la Amani Festival kuanzia 2014. Hakuna ukuta wa karibu, sauti inatoka na haigeuki nyuma. Mtoto anadhani gitaa lake limekufa, anapiga kwa nguvu, uzi unakatika. Kumbe hajisikii, na kutojisikia kunatetemesha hata mtu mzima.

Mazoezi matatu ya mwisho basi yawe ya kusimama, kwa mstari, nje, kwa umbali utakaokuwepo jukwaani. Mkanda wa gitaa ukazwe hadi gitaa likae palepale linapokaa mpigaji akiwa kitini. Gitaa likining'inia magotini kwa ajili ya fasheni, kifundo cha mkono kinajikunja na zile nafasi alizozijua zinapotea. Akompa (gitaa la kushikilia mwendo) na misolo (gitaa la kati ya akompa na solo) wasimame upande mmoja, bega kwa bega. Sebene ni mazungumzo ya hao wawili, huwezi kumweka mmoja kwenye ngazi na mwingine karibu na choo. Amplifaya ya besi ipande juu ya kreti mbili za soda, maana ikiwa chini inapigia magoti na mwenyewe hasikii.

Atalaku, wewe unayepiga kelele za kuchangamsha wachezaji, ondoa kiganja kwenye wavu wa mikro. Najua umeona kwenye video. Mikro ya kawaida ya kuimbia imeundwa isipokee sana sauti ya nyuma yake, ndiyo maana spika ya kurudisha sauti huwekwa mbele yako, ikitazama mkia wa mikro. Ukiufunika wavu kwa mkono umeharibu mpango huo, mikro inapiga yowe, na wenzako wote sita wanashtuka kabla ya noti ya kwanza.

Umeme nao. Kibodi nyingi za shule zina kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo, na mwanafunzi aliyejifunza wimbo katika Sol anakibonyeza mara moja chini ili mwimbaji apate Fa diezi, nusu toni chini ya Sol. Umeme ukipepesa nusu sekunde, kibodi inajizima, inawaka, na inarudi Sol bila kumwambia mtu. Mwimbaji anaingia, nusu toni inawagongana, na nani anaambiwa ameogopa? Tia betri ndani ya kibodi hata kama kuna jenereta. Au mfundishe Fa diezi, ingawa atanuna.

Nyuzi mpya zifungwe siku mbili tatu kabla, zivutwe kwa mkono, zirekebishwe tena. Na gitaa lililowekwa sawa mchana juani likipandishwa jukwaani saa moja jioni, baridi inakaza nyuzi na sauti inapanda, wakati tarumbeta yenye baridi inashuka. Mpe mpiga tarumbeta dakika tano za kuipulizia pumzi ya moto kabla ya kuitwa.

Kuna zoezi moja ninalolitetea hata mbele ya wanaolicheka. Mara moja kwa siku bendi inaingia, inachomeka nyaya na kupiga wimbo mmoja bila kujipasha moto. Mara moja tu, hakuna kurudia. Katikati, mtu anachomoa jeki ya solo. Wengine wanaendelea kuzungusha sebene hadi arudi. Ngumi juu ni kukata, kidole kikizunguka ni tuendelee. Baada ya siku kumi hivi, kosa linakuwa kitu wanachojua njia ya kutokea.

Pumzi? Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, mara tano. Ninawafanyisha, na sijui kama inashusha moyo au inampa tu mtoto shughuli badala ya kutazama watu. Kwangu zote mbili ni sawa.

Wimbo wa kwanza uanze na drams na besi peke yao, duru nne, kisha akompa, misolo, kibodi, solo, na sauti mwisho kabisa. Na mshereheshaji apewe karatasi yenye jina la bendi na jina la wimbo. Asiongeze kitu.