Swala mwenye magaga masikioni

Picha iliingia kwenye simu yangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa bado nyumbani Njiro nasubiri maji ya chai yachemke. Swala tomi dume, kasimama peke yake kando ya lambo huko Simanjiro. Uso umenyonyoka manyoya kuanzia puani hadi chini ya macho, na kingo za masikio zimekuwa nene na za kijivu kama ganda la mgunga. Aliyenitumia ni mzee mfugaji tunayefahamiana siku nyingi. Nikampigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuingia moja kwa moja kwenye shida yake.

"Mwanangu, huyu mnyama wa porini amekuja kunimalizia mbuzi. Nimwambie kijana ampige?"

Nikamwomba wasimguse. Kisha nikamuuliza mbuzi wake wameanza lini kujikuna. Akanyamaza kidogo.

"Tangu mwezi uliopita."

Nimekuwa daktari wa mifugo na wanyamapori kwa miaka mingi, na mazungumzo ya namna hii nimeyarudia Longido, Monduli na hata kwenye mashamba yanayopakana na msitu upande wa Moshi. Kila mara mnyama wa porini ndiye anayehukumiwa kwanza. Leo nataka nieleze ugonjwa wenyewe unavyokwenda, kwa sababu mbuzi aliyeanza kuugua mwezi mmoja kabla ya swala kuonekana si rahisi awe ameambukizwa na swala yule.

Tunauita ukurutu, na mjini neno hilo wengi hulitumia kwa ugonjwa wa ngozi wa watoto, kwa hiyo huleta mkanganyiko. Ninaousemea hapa ni upele wa wanyama unaoletwa na utitiri aitwaye Sarcoptes scabiei. Huyu ana miguu minane akikomaa, ndugu wa kupe na buibui. Jike hana hata nusu milimita. Kupe hujishikiza juu ya ngozi akanyonya, ukamwona, ukamng'oa. Utitiri huyu huchimba. Jike hutoboa handaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku, akiendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano, na ndani ya wiki mbili au tatu kizazi kipya nacho kinachimba.

Kinachomtesa mnyama zaidi ni mwili wake unavyopambana na kinyesi, mate na mayai ya wadudu hawa. Ndiyo maana mnyama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki kadhaa bila dalili, huku tayari anawagawia wenzake. Baadaye muwasho unakuja usiku na mchana. Anajisugua kwenye miti, manyoya yanatoka, ngozi inatoa majimaji yanayokauka kuwa magaga, kisha inakunjamana na kupasuka. Bakteria wanaingia kwenye nyufa. Swala anayejikuna siku nzima hali majani ya kutosha, na usiku wa baridi ngozi tupu inampotezea joto. Wengi wanaokufa hufa kwa kukonda, na tukiwapasua hatukuti mafuta hata kuzunguka figo.

Kuna kosa nililofanya mwanzoni mwa kazi, na bado linaniuma. Niliitwa kuangalia mzoga wa swala pala. Nikakwangua ngozi katikati ya kidonda, pale palipokuwa pabaya kuliko pote, nikaweka kwenye kioo, nikatazama kwa hadubini na sikuona kitu. Nikawaambia wafugaji wa jirani kwamba huu si ukurutu. Wiki chache baadaye mbuzi wa maboma mawili walikuwa wanajisugua kwenye miiba ya zizi mpaka damu. Katikati ya kidonda cha zamani mara nyingi pamebaki magaga na usaha tu. Wadudu wako ukingoni, pale ngozi nzima inapoanza kuharibika.

Siku hizi naweka tone la parafini ya maji kwenye kisu, nakwangua ukingo huohuo mpaka vitone vya damu vichomoze, kwa sababu nisipofika damu sijalifikia handaki. Nikipata gaga kubwa naliweka kwenye kisahani cha kioo, nakipasha joto kidogo, na kusubiri. Mara ya kwanza mwanafunzi wangu kuliona jambo hili aliacha kuzungumza: vumbi lililoonekana limekufa likaanza kutembea. Chini ya hadubini ni mviringo uliobonyea kama kobe, miguu mifupi mno, na ndani ya tumbo la jike yai moja kubwa linaloonekana waziwazi.

Nimeulizwa pia na wasomaji kuhusu kulungu wanaowaona kwenye video za Ulaya na Marekani wakiwa wametoka manyoya. Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kulungu wetu, ambaye wengine humwita pongo au mbawala, yule wa msitu wa Meru na Kilimanjaro, ana pembe za kudumu. Wale wa video huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na jamii yao si ya asili porini kwetu kusini mwa Sahara. Nao wana utitiri wao. Wengi wa kusini-mashariki mwa Marekani hubeba ndani kabisa ya masikio aina nyingine, Psoroptes, asiyechimba ngozi, na mara nyingi mnyama haonyeshi dalili yoyote. Na wale wa pwani ya magharibi wanaoonekana vipara, kwa sehemu kubwa ni chawa. Kwa hiyo hata kule, anayetazama picha na kusema "ni upele" bila kukwangua anabahatisha.

Nirudi kwa mzee na lambo lake. Mfano ninaoutumia sana kwenye mikutano ya vijiji unatoka milima ya Cazorla, Uhispania. Mwaka 1987 ukurutu uliingia kwa mbuzi mwitu wa huko, na kwa miaka michache zaidi ya asilimia 95 walikwisha. Chanzo kinachotajwa ni mbuzi wa kufugwa waliopelekwa kwenye malisho yale wakiwa wagonjwa. Mwaka 1996, hapo Bwindi nchini Uganda, familia ya gorila wa milimani ilipatwa na upele uleule na mtoto mmoja akafa. Huko kilichoshukiwa ni nguo chafu za watu wenye upele, zilizokuwa pembezoni mwa hifadhi. Na Masai Mara, hatua chache tu kutoka Serengeti yetu, watafiti walilinganisha vinasaba vya utitiri wa duma na wa swala tomi wakakuta vinakaribiana. Duma humuua swala kwa kumng'ata koo na kumshikilia. Utitiri huhama hapohapo.

Kwa hiyo njia ni mguso, na hupitika pande zote. Vitu vilivyosuguliwa pia huambukiza, lakini hapo hali ya hewa ndiyo inayoamua. Kwenye chumba chenye nyuzi joto 21 hivi, utitiri aliyetoka mwilini hudumu siku moja au moja na nusu. Kwenye nyuzi 10 hadi 15 na unyevu mwingi anaweza kufika wiki mbili, hata karibu tatu. Nikiingia Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, mwezi Julai, ukungu umelala juu ya maziwa na chini ya miti majani hayakauki hadi saa sita mchana, huwa nawatazama pongo kwa makini kuliko ninavyowatazama swala wa Simanjiro, ambako jua lenyewe linafanya nusu ya kazi.

Lakini ukame unaifuta faida ya jua. Kwenye ukame wa 2009, na tena ule wa 2022, mbuzi, kondoo na swala walikutana kwenye maji yaleyale machache na sehemu zilezile za kulamba chumvi, wote wamekonda. Mnyama mwenye afya anaweza kubeba utitiri wachache na kuwadhibiti. Aliyekonda hawezi.

Najua swali linalofuata: kwa nini msiwachome swala sindano? Kumkamata swala ni hatari kwake. Hofu na mbio peke yake zinaweza kuharibu misuli yake akafa baada ya siku chache, na utitiri hakumuua. Ivamektini, dawa ya sindano tunayoitumia, haiui mayai, kwa hiyo mnyama yuleyule angehitaji kushikwa tena baada ya siku 14. Dawa hiyo pia hutoka na kinyesi na kudhuru mavimavi, wale mbawakawa wanaozika kinyesi ardhini na kurutubisha malisho. Kwa duma mmoja, au mnyama adimu, tunafanya, na ni kazi ya madaktari wenye kibali. Kwa kundi la swala, mlango tunaoweza kuufunga ni wa zizi.

Ndivyo tulivyofanya kwa mzee. Tulipima mbuzi wote kwa mizani ya kamba, kwa sababu kukadiria kwa macho huwapa dozi ndogo. Mililita 1 ya dawa ya asilimia 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi, maana yake mbuzi wa kilo 25 anapata nusu. Wasiojikuna nao walichomwa. Wanaokamuliwa tuliwaweka kando na kuwachagulia dawa ya kuogesha, ili maziwa ya watoto yasiwe na mabaki. Kijana wake wa kuchunga alinionyesha mikono kwa aibu: vipele vyekundu kutoka kiganjani hadi kiwikoni, upande ule anaobebea vitoto vya mbuzi. Nilimweleza kwamba utitiri wa mbuzi hauzaliani kwa mtu, na vitapona mbuzi wakipona.

Siku ya 14 tulirudi kuchoma mara ya pili. Mzee alikuwa amebadilisha zamu bila kuambiwa na mtu: mbuzi wanakunywa saa nne asubuhi na kuondoka, jioni lambo linabaki la wanyama wa porini. Yule dume hakuonekana tena. Jioni tulikaa kwenye gari na darubini, na majike sita walikuja kunywa. Masikio ya watano yalikuwa safi. Wa sita alikuwa anajikuna shavu kwa kwato ya nyuma, mara mbili, mara tatu, kisha akainamisha kichwa na kunywa. Nilimpiga picha, na mzee atakuwa ananitumia nyingine kila wiki.